Taa ya LED yenye saa juu ya matangi ya mwatiko: uzoefu wangu wa miezi mitano

Taa hii nimeinunua soko la Darajani, mjini Unguja. Ni ya LED, wati 20, ya kuning'iniza, inatumia volti 12 kupitia adapta yake. Ina rimoti ya kuongeza na kupunguza mwanga, na ndani yake mna saa: unaipangia iwake lini, izime lini, na ichukue dakika ngapi kufikia mwanga unaoutaka. Dukani walikuwa wakiwauzia watu wenye matangi ya samaki wa mapambo. Nilitoa shilingi 85,000 kwa moja, nikachukua mbili, nikazifunga juu ya matangi mawili ya lita 1,000 kwenye kituo kidogo cha kulea vifaranga wa mwatiko, samaki wa baharini anayefugwa bwawani, ninachofanyia kazi, kusini ya Unguja.

Kabla ya hapo tulikuwa na tyubu za kawaida na swichi ya ukutani. Mwatiko akitoka yaini ana kama milimita tatu na nusu, mfano wa uzi wa maji, humuoni mpaka uiname. Siku za mwanzo anaishi kwa kiini cha yai alichobeba tumboni. Ikifika kama siku ya tatu macho yanakuwa meusi, mdomo unafunguka, na lazima ale. Tunampa rotifa, vijidudu tunavyovifuga kwenye maji ya kijani, yaani maji yenye mwani mdogo mdogo. Na mwatiko mchanga anakula kwa macho. Ukimnyima mwanga umemnyima chakula, hata kama tangi limejaa rotifa. Hilo nililijua tangu mafunzoni. Nisilolijua ni namna anavyotaka mwanga umfikie.

Kila alfajiri nilikuwa naingia, nabonyeza swichi, na tangi zima linashtuka. Vifaranga waliotulia wanachomoka kama cheche, wengine wanajipiga ukutani, wengine wanazama na kubaki chini. Mchana nikifyonza uchafu wa sakafuni kwa mpira, waliokufa wanatoka pamoja nao, wengi. Nikapima chumvi, nikapima joto, nikabadilisha mawe ya hewa. Swichi sikuifikiria kabisa.

Aliyenifumbua macho ni mzee wetu mlinzi, ambaye ujana wake wote ameumaliza kwenye dagaa. Alisimama mlangoni siku moja nikiwasha, akaniambia: "Mwanangu, dagaa tunamwita kwa karabai iliyokolea, lakini tukitaka kumkusanya tunaipunguza taratibu. Ukiizima ghafla kundi lote linapotea." Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Wavuvi wetu wanatoka usiku wa kiza na kupumzika mbalamwezi ikiwa kali, kwa sababu wanajua samaki anaufuata mwanga na anausoma. Sisi ndani ya banda tulikuwa tunampiga nao usoni.

Sasa taa inaanza kama robo saa baada ya adhana ya Alfajiri na inapanda kwa dakika 40. Jioni inashuka vivyo hivyo. Mwanga kamili unakaa karibu saa 12, sawa na mchana wa huku kwetu. Asubuhi ya kwanza nilikaa kwenye ndoo pembeni ya tangi nikatazama mwanzo hadi mwisho, na nakiri nilitokwa na machozi. Vifaranga walikuwa wamesambaa katikati ya maji, wanajikunja kidogo mfano wa herufi S, kisha wanajirusha mbele. Hiyo ni ishara ya kifaranga anayewinda. Saa mbili asubuhi nilichukua kumi nikawaweka chini ya hadubini: wanane matumbo yamejaa. Zamani saa kama hiyo nilikuwa naona matumbo matupu zaidi ya nusu.

Jambo moja dukani hawatakwambia: usiifunge pembeni. Wiki ya kwanza niliifunga karibu na ukuta kwa sababu ndiko kulikokuwa na msumari. Rotifa wakahamia upande ule, vifaranga wakawafuata, tangi la lita 1,000 likawa linatumika robo. Nilipoihamishia katikati, walisambaa siku hiyo hiyo. Rangi ya tangi nayo ina neno. Letu moja ni jeusi, jengine buluu mpauko, na katika hilo la buluu vifaranga walikuwa wanagandana na ukuta unaong'aa, wanausugua kwa pua. Tumelizungushia plastiki nyeusi kwa nje na tumeongeza maji ya kijani ili mwanga ulainike kabla ya kuwafikia. Imepungua sana, ingawa haijaisha.

Kasoro zipo, na moja ni kubwa. Taa hii haina kumbukumbu. Umeme ukikatika na kurudi, inasahau kila kitu na kuwaka kwa nguvu yote. Ilitokea usiku wa saa nane, vifaranga wakiwa na siku tisa. Nilipofika asubuhi taa ilikuwa imewaka saa tatu nzima na sakafu ya tangi imekuwa nyeupe. Siku ile sikuweza hata kunywa chai. Muuzaji nilipomrejea aliniambia ndivyo zilivyo zote. Sanduku linasema pia kwamba haiingii maji. Maji kweli hayaingii, lakini mvuke wa chumvi umeshakula skrubu zote ndani ya miezi miwili, nimezibadilisha kwa za chuma kisichoshika kutu. Na ukiipunguza chini ya asilimia kumi inapepesa. Jicho halioni, ila kamera ya simu inaonesha mistari inayokimbia. Sijui kifaranga anaionaje, kwa hiyo chini ya hapo siendi, naiacha izime.

Ndugu yangu mmoja wa Wete anayefuga kambale ameniuliza kama na yeye anunue. Nimemwambia asipoteze pesa zake. Kambale mchanga anaukimbia mwanga, anajificha chini, anatafuta chakula kwa ndevu na kwa harufu. Ukimmulika anakuwa mkorofi na wakubwa wanawala wadogo. Yeye anunue turubai afunike tangi.

Kwa mwatiko naipa nyota nne. Ile ya tano imepotea usiku ule wa saa nane. Fundi wetu ameshakata adapta na kuziunganisha taa zote mbili kwenye betri ya sola, kwa hiyo tukuza, yaani umeme wa kununua kabla, likiisha au umeme ukikatika zenyewe hazijui. Toka hapo tumelea mafungu mawili mpaka siku ya 21, wakati kifaranga anapoanza kufaa kupelekwa bwawani, na fungu la pili lilipotoka nilihitaji ndoo tatu zaidi ya nilizoandaa. Jumamosi narudi Darajani kuchukua mbili nyengine, na safari hii nakwenda na betri yangu mkononi nizijaribu pale pale kaunta.