Benelli Montefeltro geji 20 kwa fezanti wa South Dakota

Mtu akiniuliza achukue bunduki gani ya kuwindia fezanti, ndege wa jamii ya kuku, huku jimbo la South Dakota, Marekani, namwambia geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), na kama mfuko unaruhusu basi Montefeltro ya kampuni ya Benelli. Wapo watakaokwambia bila geji 12 hujaenda kuwinda, sawa, ila fezanti sio ndege wa kukaa ukamsubiri, unamfuata kwenye majani marefu na kingo za mashamba ya mahindi na mtama kuanzia saa nne asubuhi wanaporuhusu mpaka jua linazama, na muda wote huo bunduki iko mikononi. Hii ya geji 20 ina kama kilo 2 na nusu, ya geji 12 inapita kilo 3. Dukani huoni tofauti, ikifika saa tisa mchana mikono inakwambia.

Kwa wasiojua hesabu ya geji, unachukua ratili moja ya madini ya risasi unaigawa vipande 20 vya duara vilivyo sawa, upana wa kimoja ndio upana wa mtutu, ndio maana namba ikipanda tundu linapungua.

Sasa nguvu. Risasi ya kawaida ya geji 20 inabeba gramu 25 mpaka 28 za marisawa, yaani vile vidonge vidogo vinavyotoka mtutuni, ya geji 12 inafika 32 au 35, kwa hiyo ndiyo, kuna unachopoteza, lakini ndege akiruka ndani ya yadi 35 na ukatumia marisawa ya ukubwa namba 5 au 6 anaanguka vizuri tu. Halafu huku ruhusa ni majogoo watatu kwa siku, mtetea haguswi, kwa hiyo anaporuka lazima umuone kwanza, kichwa cha kijani, pete nyeupe shingoni, mkia mrefu, ndipo ufyatue, na hapa ndipo wepesi unapolipa kwa sababu inapanda begani chap na macho yanapata nafasi ya kuhakikisha.

Geji 28 naipenda pia, tamu sana kwa kwale wadogo, ila inabeba gramu 21 tu, risasi zake bei juu na sio kila duka wanazo, na kwenye ardhi za serikali kuu wanakokataza marisawa ya madini ya risasi unalazimika kutumia ya chuma ambayo ni mepesi, hapo kwa fezanti naona ni kumuonea ndege, atajeruhiwa akimbilie majanini afe huko.

Mfumo wa Montefeltro wa kujijaza risasi inayofuata unaendeshwa na teke la bunduki lenyewe, hauvuti gesi ya baruti, kwa hiyo masizi hayajai ndani na kusafisha ni kazi ndogo. Lakini ishike imara begani ndio iende vizuri, na ukiweka zile risasi nzito za inchi 3 itakupiga haswa, bunduki nyepesi haimezi teke. Bei nayo imevuka dola 1,000, sio mchezo.

Na kama nyumbani kuna geji 12 pia, tafadhali sana, risasi zake zisikae mfuko mmoja na za 20. Ya geji 20 ikiingia kwenye bunduki ya geji 12 inateleza inanasa ndani ya mtutu, we unaona chemba, pale risasi inapokaa, iko tupu unaweka nyingine nyuma yake, ukifyatua mtutu unapasuka karibu na mkono wako. Ndio sababu za geji 20 zinatengenezwa za njano. Kagua jaketi kabla hujatoka, mifuko yote.