Cloud Nine ya The Temptations: sauti tano baada ya moja kuondoka

Kundi la waimbaji linapoondokewa na sauti iliyolitambulisha kwa watu, jambo linalokuja akilini upesi ni kumtafuta mwengine anayefanana na yule aliyeondoka, apewe nyimbo zile zile, na mambo yaendelee. The Temptations wa Detroit, Marekani, waliingia katika mtihani huo mwaka 1968, walipomwondoa David Ruffin kundini. Ruffin ndiye aliyeongoza "My Girl" na "Ain't Too Proud to Beg", na kwa wasikilizaji wengi sauti yake iliyokwaruza, yenye kilio ndani yake, ndiyo iliyokuwa The Temptations. Cloud Nine, iliyotoka mwezi wa Februari 1969 chini ya Gordy, mojawapo ya lebo za kampuni ya muziki ya Motown, ni albamu ya kwanza ya studio ambayo kundi hilo liliiimba peke yake bila ya Ruffin. Ninaiandikia wasikilizaji wa hapa Zanzibar ambao wanaupenda muziki wa soul lakini wameishia kwenye nyimbo za mapenzi za miaka ya mwanzo, kwa sababu ninaamini kuwa upande wa kwanza wa sahani ya albamu hii ni katika kazi bora kabisa zilizowahi kufanywa na kundi la waimbaji.

Aliyeletwa kushika nafasi iliyoachwa wazi ni Dennis Edwards, aliyetokea katika kundi la The Contours, mtu mwenye sauti pana na kali iliyokuzwa na uimbaji wa kanisani. Ingekuwa rahisi kumkabidhi kila kitu. Mtayarishaji Norman Whitfield, ambaye alikuwa akitunga pamoja na Barrett Strong na ambaye masikio yake wakati huo yalikuwa kwa Sly and the Family Stone, kundi lililochanganya soul na rock, alikwenda njia nyengine: aliugawa ubeti mmoja baina ya watu watano. Edwards anaanza mstari, Eddie Kendricks anaupokea kwa sauti yake nyembamba ya juu, Paul Williams na Otis Williams wanaingia katikati, na Melvin Franklin anaufunga kwa besi inayotoka chini kabisa. Wanapokezana maneno kama watu wa baraza moja ambao kila mmoja anaijua habari na anataka kuitia neno lake.

Kwetu sisi tuliokulia karibu na taarab, utaratibu huu una ladha ya pekee. Katika klabu zetu za Malindi na Vuga, waimbaji husimama mmoja baada ya mwengine, kila mmoja na wimbo wake, na nyuma yao wapo wapigaji na waitikiaji ambao hawabadiliki. Mwimbaji akiondoka, pengo lake huonekana na huumiza, lakini klabu inabaki na jina lake, na ndiyo maana Ikhwan Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 imeweza kuvivuka vizazi. Makundi ya soul hayakujengwa hivyo. Mmoja alikuwa mbele na wengine walikuwa kiitikio chake, kwa hivyo akiondoka yeye, waliobaki walihesabiwa kuwa ni kiitikio kisicho na wimbo. Alichokifanya Whitfield ni kuwatoa waitikiaji nyuma na kuwaleta mbele wote kwa pamoja.

Wimbo uliobeba jina la albamu unaonesha jambo hilo tangu mwanzo. Gitaa la Dennis Coffey linaingia kwa sauti ya kulialia, inayofunguka na kufumba, kisha tumba zinaongeza mwendo, na waimbaji hawangoji kukaribishwa. Ni habari ya mtu aliyelelewa katika umasikini, aliyejaribu kutafuta kazi na njia, na mwisho akaamua kwenda kukaa mawinguni, mahali ambapo hakuna wa kumuuliza kitu. Wasikilizaji wengi wameyafahamu mawingu hayo kuwa ni dawa za kulevya, na msikilizaji wa hapa, ambaye anazijua nyumba za kuwasaidia vijana walioathirika na unga na pengine ana ndugu aliyepitia huko, hatayasikia kwa namna nyengine. Ninachokiheshimu ni kuwa wimbo haumtukani mtu huyu na wala haumsifu. Unamwacha aeleze sababu zake mwenyewe, na kwa kuwa sababu hizo zinatoka katika vinywa vitano tofauti, inakuwa vigumu kuzihesabu kuwa ni udhaifu wa mtu mmoja.

"I Heard It Through the Grapevine" unapita bila ya kuacha alama kubwa. Gladys Knight & the Pips walikuwa wameshauimba mwaka 1967 kwa moto mkubwa zaidi, na Marvin Gaye kwa uchungu mkubwa zaidi.

Kinachofuata ni "Run Away Child, Running Wild", na hapa ndipo ningependa msomaji akae kitako. Wimbo huu unazidi dakika tisa, jambo ambalo kwa Motown, kampuni iliyojijenga kwa nyimbo za dakika tatu, lilikuwa ni geni. Mtoto wa kiume ameadhibiwa nyumbani kwa kutoroka skuli, anakimbia, na jiji linammeza. Edwards anamweleza kwa ukali wa mtu mzima aliyekasirika, lakini kila wimbo unavyosonga ukali ule unageuka kuwa hofu, mpaka anayesikika ni mtoto mwenyewe anayemlilia mama yake. Sauti ya Franklin inapoteremka, mtu huhisi barabara imekuwa pana na nyumba zimekuwa ndefu. Katika sehemu ya mwisho maneno yanapungua na ala zinachukua nafasi, kinanda kikizunguka pale pale huku sauti zikijitokeza na kupotea. Urefu ule umekusudiwa: mtoto aliyepotea hapatikani kwa dakika tatu, na msikilizaji anafanywa angoje pamoja na wanaomtafuta.

Upande wa pili una nyimbo saba, na karibu zote zimerudi katika mapenzi ya kawaida. Baadhi yao zilikwisha kuimbwa na wengine, zikiwemo "Love Is a Hurtin' Thing" ya Lou Rawls ya mwaka 1966 na "Hey Girl" iliyotolewa na Freddie Scott mwaka 1963. Zimeimbwa kwa ustadi na hakuna hata moja iliyo mbaya, lakini zimepangwa kwa mtindo wa mwimbaji mmoja mbele na wengine nyuma, na huko ndiko Ruffin anakokumbukwa, kwa sababu nafasi ile ilikuwa yake na aliijaza kuliko yeyote. Inahuzunisha kuona kuwa watu waliokwisha kuupata mlango mpya katika upande wa kwanza hawakuthubutu kupita wote na mizigo yao.

Wimbo wa "Cloud Nine" uliipatia Motown tuzo yake ya kwanza ya Grammy, mwaka 1969, na albamu ilifika nafasi ya nne katika orodha ya albamu ya jarida la Billboard la Marekani. Kipimo kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, kilikuja baadaye. Kendricks na Paul Williams waliondoka mwaka 1971, na mwaka uliofuata kundi hilo hilo, likiwa na watu wapya wawili na utaratibu ule ule wa kupokezana, lilitoa "Papa Was a Rollin' Stone" na kushika nafasi ya kwanza Marekani.

Atakayeitafuta albamu hii asiisikilize kwa spika ya simu, kwa sababu besi ya Franklin itapotea yote na nusu ya mazungumzo itapotea nayo. Vipokea sauti vya kawaida vya masikioni vinatosha. Vilevile ahakikishe kuwa "Run Away Child, Running Wild" aliyoipata ni ile ndefu ya kwenye albamu, kwani ile iliyotolewa peke yake kwa ajili ya redio imekatwa, na sehemu iliyokatwa ndiyo ya kungoja.