Mapambo ya katana: kipi ununue kwanza, kipi ukiache kilivyo

Kabla hujalipenda joka lililochongwa kwenye tsuba, kinga ya mkono, pima tundu la tsuba hiyo. Vifaa vya katana, upanga wa Kijapani, si bawaba za kabati, useme saizi moja itaingia popote. Kila upanga ulitengenezewa vyake, na hata iaito, panga butu za aloi zinazoundwa Seki, mkoani Gifu, kwa ajili ya mazoezi hupishana milimita moja au mbili kati ya karakana na karakana. Milimita hiyo ndiyo inayokula pesa za wanunuzi.

Majina kwanza, tukitoka kwenye bapa kurudi mkononi. Habaki ni kola ya shaba inayokaba shina la bapa na kuushika upanga usichomoke alani. Inafuata seppa, washa nyembamba ya shaba, kisha tsuba yenyewe, ile kinga ya mkono, kisha seppa ya pili. Mpini unaanza na fuchi, pete iliyovishwa mdomoni mwake, na kuishia na kashira, kofia ya kitako. Menuki ni vinyago viwili vidogo vinavyolala chini ya utepe uliozungushiwa mpini, kimoja kila upande. Vyote hivyo vinashikiliwa na mekugi, kigingi cha mwanzi kinachopenya mpini na mkia wa bapa.

Tumepanga kwa kuangalia mambo mawili: badiliko unalopata kwa pesa unayotoa, na hatari ya kuharibu kilichopo.

1. Tsuba na seppa zake

Hapa ndipo pa kuanzia. Unaibadilisha mwenyewe mezani, na ukiichoka unairudisha ya zamani. Sukuma mekugi itoke kwa kuigonga ncha yake nyembamba, vua mpini, na vipande vitateleza kimoja kimoja. Vipange kwa mfuatano uleule vilivyotoka, maana seppa ya mbele na ya nyuma mara nyingi hazifanani.

Chukua kalipa, pima mkia wa bapa pale habaki inapoishia: kimo chake, unene wa upande wa mgongo, na unene wa upande wa makali. Muulize muuzaji vipimo vitatu hivyohivyo vya tundu la tsuba. Kisha pima unene wa rundo zima, yaani seppa, tsuba, seppa. Tuseme ya zamani ni milimita 5 na seppa mbili za 1.2, jumla 7.4. Tsuba mpya ikiwa ya milimita 4, unahitaji seppa zenye jumla ya 3.4, kwa hiyo agiza mbili za 1.7. Rundo likipungua, tsuba itacheza na kulia kila unapoupunga upanga. Likizidi, mpini haufiki mahali pake: chungulia tundu la mekugi na utaona hilali ya chuma imejitokeza pembeni. Ukiiona hilali hiyo, usipanue tundu kwa drili wala usiishindilie mekugi kwa nyundo. Punguza seppa.

Tundu likiwa dogo, chonga tsuba kwa tupa, kamwe tupa isiguse mkia wa bapa. Likiwa kubwa, Wajapani huziba ncha zake mbili kwa vipande vya shaba laini viitwavyo sekigane, kisha huvichonga hadi vikae sawa. Gundi ya epoksi si dawa, mitikisiko huipasua.

Uzito nao una neno lake. Upanga wa gramu 900 ambao mizani yake, yaani mahali unapolala sawa juu ya kidole, iko sentimita 18 mbele ya tsuba, ukiuongezea gramu 50 hapo kwenye tsuba, mizani hurudi nyuma karibu sentimita moja. Ncha inakuwa nyepesi. Wapo wanaoitafuta hali hiyo, na wapo ambao mkato wao unaharibika kwa sababu hiyo.

Kwa madini, tunaweka juu chuma kilichofuliwa na kutobolewa michoro. Ni kigumu, hakihitaji utunzaji zaidi ya kitambaa kikavu cha pamba, na kinaendana na ala ya rangi yoyote. Ukitaka mchoro usiochosha jicho, tafuta ule unaohusishwa na Miyamoto Musashi, wa majongoo bahari wawili waliokatwa kwa uwazi. Shaba njano ni ya pili: bei nafuu, ila nzito. Shakudo, yaani shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo, na shibuichi, shaba yenye fedha, ni kazi za kifahari, na weusi wa shakudo hutokana na kuchemshwa katika maji ya dawa. Ukiisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba, weusi unaondoka na thamani inaondoka nao. Mwisho kabisa ni aloi ya zinki iliyosubiwa. Utaitambua kwa mstari wa kalibu ndani ya matobo na kwa kingo zilizofifia kama sabuni iliyotumika. Hiyo ni ya kutundikwa ukutani. Usiipe kazi ya mazoezi.

Tsuba ya kale yenye cheti cha NBTHK, jumuiya ya kuhifadhi panga za sanaa iliyoanzishwa Japani mwaka 1948, nunua kwa ajili ya kuitazama. Ukiichonga tundu ili iingie kwenye iaito yako, umeharibu kitu kisichotengenezwa tena. Kutu nyekundu juu yake hukwanguliwa taratibu kwa kipande cha mfupa au pembe. Brashi ya waya haimo.

2. Sageo

Kamba ya kwenye ala. Kwa katana chukua sentimita 180 hadi 220. Shule nyingi za iai, sanaa ya kuchomoa upanga, hupendelea ndefu. Hariri hushika fundo vizuri kuliko nailoni inayoteleza. Hakuna cha kuharibu hapa, na rangi moja tu mpya huufanya upanga mzima uonekane umebadilika.

3. Mpini mzima: utepe, fuchi na kashira, menuki

Watu hununua menuki peke yake, wakifika nyumbani wanagundua iko chini ya utepe, na kashira nayo imefungwa na utepe huohuo. Kwa hiyo vihesabu kama ununuzi mmoja, pamoja na fundi. Fuchi lazima ilingane na mbao ya mpini wako. Kubwa kwa milimita moja huacha ukingo unaokwaruza kidole. Menuki iliyoinuka sana huumiza kiganja na kula utepe kutoka ndani.

Utepe wa pamba hushika jasho na ni wa bei ya chini. Hariri inabana vizuri zaidi. Ngozi hudumu kwa wanaofanya mazoezi kila siku. Mpini wa kawaida hula mita 4 hadi 5. Chini yake kuna ngozi ya taa, samaki yuleyule bapa anayeletwa sokoni pwani, na vinundu vyake vigumu ndivyo vinavyozuia utepe kuteleza. Uliza kama imezunguka mpini wote au ni vipande viwili vilivyobandikwa ubavuni. Iliyozunguka huimarisha mbao isipasuke.

Kazi ya fundi ikaguliwe hivi. Tazama mikato ya utepe upande mmoja wa mpini: uzi uliopita juu kwenye mkato wa kwanza unatakiwa upite chini kwenye mkato unaofuata, hivyo hadi mwisho. Ukipita juu daima upande uleule, utepe utalegea. Bonyeza almasi moja, yaani umbo linaloachwa kati ya mikato, kwa kidole gumba na uisukume. Ikisogea, vipembetatu vya karatasi vya ndani havikuwekwa, au vimewekwa vichache.

Kuhusu kulinganisha: fuchi na kashira ziwe seti moja, menuki iwe na mada ya jirani. Tsuba inaweza kwenda njia yake. Anayetaka adabu ya kale ya samurai wa zamu katika kasri la Edo, achukue ala nyeusi, ngozi nyeupe ya taa, utepe mweusi, kashira ya pembe, na shakudo yenye vidoti vya nanako vilivyojipanga kama mayai ya samaki. Tsuba ya dhahabu tupu kwenye mavazi hayo ni kelele.

4. Ala

Ala huchongwa kwa mbao laini ya honoki kufuata mpindo wa bapa moja. Ya upanga mwingine itakwaruza bapa lako hata ikionekana imeingia. Ikilegea mdomoni, fundi hubandika ndani ubapa mwembamba wa honoki kwa gundi ya wali, na hiyo ni gharama ndogo sana ukilinganisha na ala mpya.

5. Habaki

Usiinunue mtandaoni. Hutengenezwa bapa likiwa mkononi mwa fundi, na ikibadilika, mdomo wa ala na tundu la tsuba vyote vinaweza kukataa. Bajeti yake ipeleke kwenye mekugi mpya za mwanzi mkavu, tatu au nne. Kila kabla ya mazoezi chomoa iliyopo, iangalie kama imepinda au ina ufa, kisha uirudishe au uitupe.