Uzoefu wangu: Likizo ya familia Washington, D.C., mji wa makumbusho ya bure

Kwa familia yenye watoto wa shule, sijaona mji mkuu unaompa mgeni vingi kwa kiingilio kidogo kama Washington, D.C. Makumbusho makubwa bure, jengo la Bunge bure, minara na sanamu za kumbukumbu bure. Ila bure hii ina masharti yake: unailipia kwa kupanga mapema na kwa miguu. Asiyejipanga atazungukia nje tu, apige picha, arudi hotelini kachoka.

Tulikwenda wakati wa likizo ya majira ya kuchipua, mimi, mume wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi, ambaye alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Kundi la namna hiyo ni mtihani. Kijana wa sekondari anataka ndege na roketi, mdogo wake anataka wanyama, na bibi magoti yanamsumbua. Kwa hiyo ninaposema mji huu unafaa familia, nimepima kwa watu wa rika tatu.

Makumbusho mengi yaliyopanga safu kwenye uwanja mrefu wa nyasi uitwao National Mall ni ya taasisi ya Smithsonian, iliyoanzishwa mwaka 1846 kwa urithi wa Mwingereza James Smithson, mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kukanyaga Marekani. Hufunguliwa kila siku isipokuwa tarehe 25 Desemba. Mengi unaingia tu baada ya mkoba wako kukaguliwa mlangoni, lakini mawili yanayopendwa sana, lile la ndege na anga na lile la historia ya Wamarekani Weusi, yanataka tiketi ya bure yenye saa maalumu, unayoikata mtandaoni. Za hili la pili hutolewa siku 30 kabla, saa mbili asubuhi, na wiki za likizo hukwisha upesi. Ukizikosa, zipo nyingine chache za siku hiyohiyo zinazotolewa asubuhi, lakini usiwaahidi watoto kwa kutegemea hizo. Jambo lililomfaa mama yangu zaidi ni kwamba makumbusho haya huwaazimisha wageni viti vya magurudumu bila malipo. Unaomba mlangoni, wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kupata.

Sasa niseme kuhusu hilo jumba la historia ya Wamarekani Weusi, National Museum of African American History and Culture, maana hilo ndilo ningelirudia hata kama mengine yote yangefungwa. Lilifunguliwa Septemba 2016. Kwa nje limevikwa vyuma vyenye rangi ya shaba, ngazi tatu zinazotanuka kwenda juu, umbo lililochukuliwa kwenye nguzo za kuchonga za Wayoruba. Msanifu aliyeongoza usanifu wake, David Adjaye, ana asili ya Ghana lakini alizaliwa Dar es Salaam. Mama alipoambiwa hivyo alilitazama upya.

Ziara inaanzia chini. Mnaingia kwenye lifti kubwa, na inaposhuka mnaona miaka ukutani ikirudi nyuma mpaka karne ya 15. Mkitoka mko kwenye ukumbi wenye giza kidogo, dari fupi, watu wamebanana, na hapo ndipo historia inapoanza. Miongoni mwa yanayosimuliwa ni meli ya Kireno São José, iliyoondoka Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1794 ikiwa na mateka zaidi ya 400, ikielekea Brazil. Iligonga mwamba karibu na Cape Town mwezi Desemba, na zaidi ya 200 kati yao wakafa maji. Mwanangu mdogo alikuwa akisukuma kiti cha bibi yake. Akasimama, akauliza, "Bibi, hawa walitoka pwani ya kwetu?"

"Ndiyo, mjukuu wangu. Msumbiji na Tanga ni bahari moja."

Vitabu vyake vya shule huzungumzia sana upande wa magharibi mwa Afrika, na huku kwetu hatumsimulii vya kutosha. Pale alijua kwamba jambo hili linamhusu. Kwangu mimi hilo peke yake lilitosha kuihalalisha safari nzima.

Juu kidogo kuna behewa la treni la enzi za ubaguzi. Ni behewa halisi, zito kiasi kwamba liliteremshwa kwa winchi mwaka 2013 kabla jengo halijakamilika, na jengo likamalizwa juu yake. Unapita ndani kwa miguu. Usikimbilie kutoka, linganisha pande mbili. Upande wa Wazungu choo kina nafasi na sehemu ya kupumzika, upande wa Weusi choo ni cha kujibana na hakuna rafu ya kuwekea mizigo. Hakuna mtu anayepigwa wala damu inayoonekana, ila mtoto anaelewa ubaguzi ulivyopangwa kwa vipimo vya fundi. Chumba chenye jeneza la Emmett Till, kijana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955, mzazi aamue mwenyewe. Sisi tuliingia na mkubwa tu, mdogo akabaki na baba yake. Picha haziruhusiwi humo, na ni sawa kabisa.

Tengeni siku nzima kwa jumba hili. Ghorofa za juu, zenye muziki, michezo na sanaa, zinahitaji mtu mwenye nguvu bado, na baada ya kule chini moyo unazihitaji. Mkahawa wake unapika vyakula vya Weusi wa sehemu mbalimbali za Marekani. Bei yake si ya mtaani, lakini unashiba.

Kuhusu usafiri, sina shaka kabisa: Metro, treni za mjini. Vituo vyote vina lifti, watoto walio chini ya miaka mitano wakiwa na mtu mzima hawalipi, na kituo kiitwacho Smithsonian kinakutoa katikati ya uwanja wenyewe. Kila mlipaji awe na kadi yake, maana kadi moja haiingizi familia nzima. Kwenye ngazi za umeme simameni kulia, kushoto ni kwa wenye haraka. Tulijaribu pia basi la kitalii la ghorofa mbili, lile la kupanda na kushuka vituoni. Tulisubiri juani muda mrefu, basi likaja limejaa, na vifaa vya kusikilizia maelezo kwenye viti vyetu havikufanya kazi. Kwa fedha ile familia ya watu watano inapanda Metro mpaka ichoke. Ndiyo maana tulilala ng'ambo ya mto Potomac, Arlington, karibu na kituo, na hatukuhitaji gari hata mara moja.

Maua ya micheri kando ya bwawa la Tidal Basin yanastahili sifa zake. Miti 3,020 ilitoka Tokyo mwaka 1912. Ile ya kwanza, iliyofika 1910, ilikuwa na wadudu na magonjwa ikabidi ichomwe moto. Kilele huhesabiwa pale asilimia 70 ya maua ya aina ya Yoshino yanapokuwa yamefunguka, kwa kawaida kati ya wiki ya mwisho ya Machi na mwanzo wa Aprili, lakini hali ya hewa ndiyo inayoamua. Nendeni alfajiri. Kufikia saa nne kiti cha magurudumu hakipiti.

Bungeni, Capitol, ziara yenye mwongozaji ni bure na huhifadhiwa mtandaoni. Wengi hutazama kuba juu. Mimi nashauri mkae kidogo Emancipation Hall, yaani Ukumbi wa Ukombozi, ukumbi wa wageni ulioitwa hivyo kuwakumbuka watumwa waliosaidia kulijenga jengo lile. Humo imesimama sanamu ya plasta iliyokuwa kielelezo cha ile ya shaba iliyo juu ya kuba. Ilipofika wakati wa kuitenganisha vipande hiyo ya plasta, aliyegundua namna ya kuifungua alikuwa mtumwa, Philip Reid. Sanamu ile ya shaba, ambayo jina lake ni Uhuru, ilipokamilishwa pale juu Desemba 1863, Reid alikuwa tayari mtu huru, maana utumwa ulikomeshwa mjini humo Aprili 1862.

Kumbukumbu ya Rais Lincoln iko wazi usiku na mchana, na jioni ndiyo saa yake: jua limepoa, makundi ya wanafunzi yamepungua. Kwenye kibaraza kabla ya kufika juu, tafuteni maandishi yaliyochongwa mahali aliposimama kuhutubia Martin Luther King, mpigania haki za Weusi, tarehe 28 Agosti 1963. Yana rangi ileile ya jiwe, watu wanayakanyaga bila kujua. Ukigeuka unauona mnara wa Washington, wa mita 169, wenye rangi mbili, kwa sababu ujenzi ulianza 1848, fedha zikakatika, ukasimama zaidi ya miaka 20, na mawe yaliyofuata yakatoka kwenye machimbo mengine. Kijana wangu aliligundua hilo mwenyewe kabla hatujamwambia.

Bado tuna deni moja, nyumba ya Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mpinzani mkubwa wa utumwa, iitwayo Cedar Hill, ng'ambo ya mto Anacostia. Huko nako ni vyema kuhifadhi nafasi mapema, na mama ameshasema tukirudi tutaanzia hapo.