Riflekta ya sentimita 110 kwa picha za dirishani: pande tano, mbili ndizo za kazi

Riflekta ya mduara yenye pande tano, kifaa cha kurudishia mwanga upande wenye kivuli, haikosekani duka la vifaa vya kamera. Majina ya kampuni ni mengi, kitu ni kilekile: ringi ya springi ya chuma iliyowambwa kitambaa cheupe kinachopitisha mwanga, na juu yake koti la zipu ambalo ukiligeuza nje ndani unapata nyeupe, nyeusi, fedha na dhahabu. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: kumpiga picha modo wa sanaa ambaye hajawahi kukaa mbele ya kamera, kwenye chumba cha kawaida chenye dirisha moja, bila flashi. Kwa kazi hiyo nunua, ila ujue unalipia pande tano na utatumia mbili.

Chukua ya sentimita 110. Ya 60 inatosha uso peke yake. Modo akinyoosha mkono au akigeuza bega, nusu ya mwili inabaki gizani. Zile za umbo la yai, 150 kwa 200, hujaza mwanga vizuri, lakini ndani ya chumba cha mita tatu kwa tatu zinageuka ukuta, na mtu ambaye tayari ana wasiwasi anajiona kabanwa kwenye kona. Ya 110 ikikunjwa inabaki kama theluthi ya upana wake na inaingia kwenye begi la mgongoni.

Kuikunja kunawashinda wengi siku ya kwanza. Shika ukingo kulia na kushoto, zungusha mkono mmoja kwenda mbele na mwingine kwenda nyuma kama anayekamua shuka, kisha kutanisha mikono. Ringi inajigawa yenyewe kuwa tatu. Anayelazimisha kuikunja mara mbili anaipinda chuma, na tangu siku hiyo haitalala bapa tena: nusu ya mwanga inaenda usoni, nusu darini. Kuifungua ni hatari zaidi, maana inafyatuka kwa kishindo. Ifungue kabla modo hajakaa, au mgeuzie mgongo. Mabega yakishapanda kwa kushtuka hayashuki haraka, na kwenye picha yanaonekana.

Tuje kwenye dirisha, kwa sababu riflekta haina mwanga wake, inakopa. Vitabu vya upigaji picha vya Ulaya na Marekani vinasifu dirisha la kaskazini, na ushauri huo huku kwetu unapotosha. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mei mpaka Agosti jua linapita upande wa kaskazini kutwa nzima, kwa hiyo dirisha lenye mwanga uliotulia ni la kusini. Novemba mpaka Januari mambo yanageuka, la kaskazini ndilo lenye utulivu. Dirisha la mashariki ni la mchana, la magharibi ni la asubuhi. Kagua pia kilichopo dirishani penyewe. Vioo vya rangi kwenye madirisha ya aluminiamu hupaka ngozi kijani au kahawia, basi sogeza kioo pembeni mwanga upite wazi. Wavu wa mbu hulainisha kidogo na kula mwanga kiasi, hauna neno. Nondo hazileti shida mpaka jua lenyewe liingie. Likiingia, zinachora mistari kifuani kwa modo.

Upande mweupe ndio uliobeba thamani yote ya kifaa hiki. Mkalishe modo mita moja hadi moja na nusu kutoka dirishani, ubavu mmoja ukielekea mwanga, kisha simamisha riflekta ubavu wa pili, sentimita 80 kutoka shavuni, katikati yake ikiwa usawa wa uso. Kuilaza mapajani ndilo kosa tunaloliona kila siku: mwanga unatoka chini, kivuli cha pua kinapanda juu, na machoni kunatokea nukta ya pili ya mwanga chini ya mboni. Mtu anaonekana kama anayemulikwa na simu usiku.

Kwa ngozi nyeusi upande huu una kazi ambayo maelekezo ya kwenye boksi hayaitaji. Ngozi nyeupe inaonyesha umbo kwa kivuli. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo zaidi kwa mng'ao. Tazama mfupa wa shavu wa upande wa giza huku mtu akiisogeza riflekta taratibu kuelekea nyuma ya sikio: kuna mahali ambapo mstari mpana, laini, unawaka kutoka chini ya jicho mpaka taya. Hapo ndipo pa kuiacha. Ukiisogeza sentimita 20 tu, mstari unapotea na shavu linakuwa bapa. Ndiyo maana kuongeza ISO (wepesi wa kamera kuupokea mwanga) hakuleti matokeo hayohayo. Unachotafuta ni pembe, si wingi wa mwanga.

Weka nyeusi mahali palepale na picha inageuka. Nyumba nyingi zina kuta nyeupe au za kijani kibichi, na kuta hizo hurudisha mwanga hata usipouomba. Nyeusi inaumeza, kivuli kinashuka, mstari wa shingo na mgongo unakatika safi. Kwa picha ya sanaa ya mwili uliofunikwa kanga au shuka, mikunjo ya kitambaa nayo inapata kina. Wapiga picha wengi hawajawahi kuutoa upande huu mfukoni, na wanakosa sana.

Fedha ni kali mno kwa kazi hii. Modo mzoefu anaweza kuuvumilia mwanga wake bila kukunja jicho. Mgeni anafinya macho yote mawili, halafu anaambiwa "legeza uso" kana kwamba kosa ni lake. Juu ya hilo, inaacha vidoa vya mng'ao vinavyofanana na mafuta. Dhahabu waachie wa harusi za ufukweni: dirishani inafanya upande mmoja wa uso kuwa wa njano na mwingine wa bluu, na hakuna programu itakayousawazisha kirahisi. Kitambaa cha ndani kinalainisha jua la moja kwa moja, lakini mduara wa sentimita 110 hauzibi dirisha zima. Shuka nyeupe ya pamba na vibanio vya nguo vinafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Mipangilio ya kuanzia: uwazi wa lenzi f/2.8, kasi ya shata 1/200 ya sekunde, ISO 400 hadi 800, na 1600 wingu likitanda. Usishuke chini ya 1/125, maana modo mgeni huyumba bila kujijua. Zima taa zote za chumbani. Rangi ya mwanga (white balance) iweke kwa mkono, 5500K, yaani Kelvin, usiiachie kamera. Nguo ikibadilika kamera nayo inabadilisha rangi ya ngozi. Piga RAW, faili ghafi ambayo kamera haijaisindika. Pima mwanga paji la uso upande wa dirisha, si ukutani.

Usimkabidhi rafiki yako kazi ya kushika riflekta. Kwa modo mgeni, kila mtu wa ziada chumbani ni macho mengine mawili. Kama kuna wa kuongezeka, awe aliyemleta yeye mwenyewe, dada yake au rafiki. Tumia stendi yenye mkono wa vibanio, na mfuko wa mchanga mguuni, kwani feni ya dari inatosha kuiangusha. Bila stendi, mgongo wa kiti na vibanio viwili vinatosha. Kabla ya kuanza, elezaneni kwa maandishi nini kitapigwa na picha zitaenda wapi. Ukitaka kusogeza kitambaa au kidevu, sema na onyesha kwa mwili wako, usimguse. Kama bega au mgongo utaonekana, avae nguo za kulegea saa nzima kabla, la sivyo alama za lastiki zitabaki kwenye picha. Mpumzishe kila dakika 20, na hapo ndipo unapobadilisha koti la riflekta, si akiwa amekaa pozi.

Dukani, usiinunue ikiwa ndani ya mfuko. Ifungue, ilaze juu ya kaunta: isipogusa kaunta pande zote, ringi imepinda. Fungua na ufunge zipu mara mbili, hasa pale mwisho inapokutana na mshono, ndipo huachia kwanza. Ikague nyeupe: za bei ya chini hutiwa dawa ya kung'arisha inayorusha ubluu. Omba utoke nayo mlangoni, piga kiganja chako kikiwa nayo na kikiwa bila, mpangilio wa rangi uleule. Kiganja kikigeuka bluu, chagua nyingine. Fedha iliyoanza kubanduka isikusumbue, hutaitumia.