Uzoefu wangu na kingamwili NC1/34: kuitafuta dutu P kwenye ugwe wa mgongo, Nairobi

Kama unafanya utafiti wa maumivu na una hela za kingamwili moja tu ya dutu P (kingamwili ni protini inayoinata dutu unayoitafuta na kukuonyesha ilipo kwenye tishu), nunua kloni NC1/34. Nimeitumia muda wa kutosha kusema hivyo bila kusitasita. Naandika kwa sababu nilipotafuta maoni ya mtu aliyeitumia hapa Nairobi, kwa stima yetu, forodha yetu na hadubini zetu za kugawana, sikupata hata mmoja.

Dutu P ni peptaidi, yaani kipande kifupi cha protini, cha asidi amino 11. Ulf von Euler na John Gaddum waliieleza mwaka 1931, baada ya kuikuta kwenye utumbo na ubongo wa farasi. Nyuzi nyingi nyembamba za neva zinazopeleka habari za maumivu huibeba hadi kwenye ugwe wa mgongo na kuimwaga huko. Kingamwili yenyewe ilitolewa mwaka 1979 na Cuello, Galfrè na Milstein. Milstein ndiye aliyeonyesha pamoja na Köhler, mwaka 1975, namna ya kutengeneza kingamwili za kloni moja, yaani zinazotoka kwenye ukoo mmoja wa seli unaoendelea kukuzwa maabara, na mwaka 1984 wakapewa Nobeli.

Kuwa kwake ya kloni moja ndiko kulikofanya niichague. Kingamwili nyingi za peptaidi hutoka kwenye seramu ya sungura, na sungura akifa, seramu ile imekwisha. Chupa inayofuata ni ya mnyama mwingine mwenye tabia zake. Hii inatoka kwenye seli zilezile. Chupa niliyofungua mwisho imefanya kazi kwa kipimo kilekile cha ile ya kwanza, na kwa mwanafunzi anayelipa mwenyewe hilo si jambo dogo, maana kutafuta kipimo upya kunakula kingamwili nusu chupa.

Faida ya pili hawaisemi sana wauzaji: imetokana na seli za panya buku. Kingamwili nzuri za kipokezi cha dutu P, kile kinachoitwa NK1, kwa kawaida ni za sungura. Kwa hiyo unaweza kuziweka zote mbili kwenye kipande kimoja cha tishu, ukatumia kingamwili ya pili, ile yenye rangi inayong'aa inayoishika ya kwanza, ya punda dhidi ya buku kwa rangi moja na ya punda dhidi ya sungura kwa rangi nyingine, ukaona kwa pamoja peptaidi ilipo na seli zinazoipokea. Ukitaka kuongeza ya tatu ya panya mdogo, kama NeuN ya kuonyesha neuroni, kuwa mwangalifu: protini za panya mdogo na za buku zinafanana mno, na usiponunua kingamwili ya pili iliyochujwa dhidi ya mnyama mwenzake, rangi zitaingiliana na utaandika tasnifu ya uongo bila kujua.

Asili hiyohiyo ina ubaya wake kama tishu yako pia ni ya buku. Kingamwili ya pili haichagui. Itashika pia kingamwili za damu ya mnyama mwenyewe. Dawa yake ni kuosha mishipa ya damu vizuri kwa maji ya chumvi kabla ya kupitisha parafomaldehidi ya asilimia 4, dawa ya kuhifadhi tishu. Mnyama akioshwa vibaya, mishipa ya damu inang'aa kwenye ugwe mzima, na mtu mgeni anaweza kudhani ni nyuzi za neva.

Sasa mambo ya hapa kwetu. Bei ni makumi ya maelfu ya shilingi kwa chupa unayoweza kuificha ndani ya ngumi, kabla ya usafiri na wakala wa forodha. Mzigo mmoja ulikaa uwanja wa ndege wikendi nzima kwa sababu kampuni iliyousafirisha haikuambatisha karatasi zote. Kingamwili ilisalimika, lakini tangu hapo nadai nakala za karatasi zote kwa barua pepe kabla mzigo haujapanda ndege, na nakataa kabisa isafirishwe Alhamisi au Ijumaa. Ikifika, igawe siku hiyohiyo katika vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, uweke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Usitumie friza ya nyumbani ile isiyoshika barafu: hujipasha moto yenyewe kila mara ili kuyeyusha barafu, na kugandagandishwa namna hiyo ndiko kunakoua kingamwili. Stima ikipotea usiifungue friza. Mtungi wa maji ya chumvi yaliyoganda ndani yake umeniokoa zaidi ya jenereta ya jengo.

Kazi yenyewe ni ya subira, haina uchawi. Ugwe unalala kwenye sukrosi ya asilimia 30 mpaka uzame chini ya chupa, unakatwa kwa krayostati (mashine ya kukata tishu iliyogandishwa), unafunikwa kwa seramu ya punda ili kuziba sehemu zinazonata ovyo, kisha kingamwili inakaa nao usiku kucha kwenye nyuzi 4. Asubuhi unaosha, unaweka ya pili, unafunika chombo kwa karatasi ya foili ili mwanga usile rangi.

Halafu unaingia chumba cha giza. Hapa ndipo kingamwili hii inapolipa. Kwenye lenzi ndogo unaona kijivu cha ugwe kimelala giza, isipokuwa ukanda mwembamba unaong'aa kwenye ukingo wa pembe ya nyuma: lamina (tabaka) ya kwanza na sehemu ya nje ya lamina ya pili, pande zote mbili. Ukibadili lenzi, ukanda unafumuka na kuwa nyuzi moja moja, kila moja na vivimbe vyake vilivyotungwa kama shanga. Peptaidi imehifadhiwa humo, ndani ya vifuko vya upana wa takriban nanomita 100. Nimeona picha hizo vitabuni tangu mwaka wa kwanza, lakini kuziona kwenye tishu niliyoikata mwenyewe, hapa Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kulinikalisha pale mpaka rangi ikaanza kufifia.

Nilimwita fundi mkuu wa maabara, mama anayeheshimiwa na maprofesa wote, aje aone. Aliinama, akatazama kwa muda, akasema, "Ni nzuri, mwanangu. Sasa nionyeshe ile isiyopaswa kung'aa."

Kwa hilo namshukuru kila wiki. Kipande kisichowekwa kingamwili ya kwanza kinatakiwa kibaki giza. Kipande ambacho kingamwili yake ilichanganywa kwanza na dutu P ya kutengenezwa kinatakiwa kibaki giza pia. Hata hivyo, jaribio hili la pili haliondoi shaka yote, kwa sababu mkia wa dutu P unafanana na ule wa ndugu zake, neurokinini A na neurokinini B. Wanaotaka kuwa na uhakika zaidi hutumia panya waliozaliwa bila jeni ya peptaidi hiyo. Sisi tuna mnyama wetu: fuko uchi, yule anayechimba kwenye ardhi kavu ya ukanda wa Mtito Andei. Neva nyembamba za ngozi yake hazina dutu P, na ukali wa pilipili haumsumbui ngozini. Wenzetu wenye kibali cha kumtafiti walinipa vipande vya ngozi. Kingamwili ya PGP9.5, inayoonyesha nyuzi zote za neva, iliwaka vizuri. NC1/34 haikuonyesha kitu. Sijui maabara ngapi duniani zina kipimo kama hicho karibu hivyo.

Kuhusu hadubini: nimelipia konfokali, hadubini ya leza inayopiga picha ya tabaka jembamba moja moja, kwa saa kwenye taasisi moja hapa jijini. Picha ni safi, msimamizi anaijua kazi yake, lakini umeme ukikatika katikati ya zamu saa zako zimekwenda na malipo hayarudi. Hilo halikunipendeza na nimewaambia. Kwa swali la "iko wapi" hadubini ya kawaida ya fluoresensi yenye taa ya LED inatosha kabisa. Konfokali iwekee swali la vitu viwili kukaa pamoja, na hata hapo usidai makubwa: mwanga hautenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, na uwazi wa sinapsi, pale neuroni mbili zinapokutana, ni takriban nanomita 20. Doa la kijani juu ya doa la zambarau ni ujirani. Kuthibitisha mguso kunataka hadubini ya elektroni.

Tena kingamwili hii inaonyesha mahali dutu P ilipohifadhiwa, haionyeshi wakati inapomwagwa. Kwa hilo itazame NK1: mwaka 1995 Mantyh na wenzake walionyesha kwamba mnyama akiumizwa, kipokezi hicho huondoka kwenye utando wa seli na kuingia ndani, na unakiona kimejaa madoadoa ndani ya neuroni. Ndiyo sababu nasisitiza kununua ile ya sungura pamoja na hii.

Kama wanyama wako ni wazee, paka Sudan Black B, rangi nyeusi ya kuzima mng'ao usiotakiwa, baada ya kingamwili ya pili. Uchafu wa manjano unaojikusanya kwenye neuroni zao hung'aa kwa rangi zote. Kwa kuchambua picha, programu ya kompyuta iitwayo Fiji ni ya bure na inafanya kazi kwenye laptopu ya kawaida. Na ukiagiza, tuagize pamoja: gharama ya usafiri wa chupa nne inakaribia ile ya chupa moja, na kuna watu Kabete na Chiromo wanaoihitaji.