Rangi za vijisanamu vya michezo ya mezani: ipi ununue kwanza ukiwa Dar es Salaam

Kijisanamu cha mchezo kama Dungeons & Dragons ni kidogo kweli: shujaa wa kimo cha kawaida hufika milimita 28 hadi 32 tu. Mikunjo ya joho lake, vifungo na meno ni mifereji myembamba sana, na tabaka moja zito la rangi linatosha kuifukia. Rangi inayofaa ni ile yenye unga uliosagwa laini, yenye uwezo wa kufunika kwa tabaka mbili nyembamba. Dar inaongeza sharti lake, joto. Akriliki, yaani rangi ya maji yenye gundi ya plastiki, hukauka maji yake yakiruka, na mchana wa Februari chini ya feni, tone lililo kwenye kisahani huanza kuganda ndani ya dakika chache. Orodha hii imepangwa kwa kutazama ufunikaji, chombo cha rangi, na jinsi inavyokufikia hapa mjini.

1. Akriliki za vijisanamu kwenye chupa za matone

Hizi ndizo za kununua kwanza. Vallejo ya Uhispania na The Army Painter ya Denmark huziuza kwenye chupa za mililita 17 au 18 zenye ncha nyembamba. Ncha hiyo ndiyo inayozipa nafasi ya kwanza, kwa sababu hewa haiingii ovyo na rangi haikaukii ndani hata chumba kikiwa cha moto. Pia unahesabu matone. Ukichanganya matone mawili ya kahawia na moja la nyekundu leo, mwezi ujao utaipata rangi ileile. Tone moja ni kama sehemu ya ishirini ya mililita, kwa hiyo chupa ya mililita 18 ina takribani matone 360, na joho zima la mchawi halimalizi matano.

Usianze na seti ya chupa hamsini. Nane zinatosha: nyeusi, nyeupe, nyekundu, bluu, manjano, kahawia iliyokoza, fedha, na rangi ya kahawia ya majimaji ya kutiririsha kwenye mikunjo ili ilete kivuli. Rangi ya ngozi acha kwanza. Chupa nyingi zilizoandikwa "ngozi" ni za waridi iliyopauka. Ngozi nyeusi ianzie kwenye kahawia iliyokoza pamoja na nyekundu kidogo, na sehemu zinazopata mwanga, yaani paji la uso, pua na vifundo vya vidole, uzing'arishe kwa kuongeza manjano na nyekundu. Ukitumia nyeupe, ngozi inakuwa ya kijivu kama iliyokosa mafuta, na hata tabaka la kivuli juu yake haliirudishii uhai.

Kasoro zake ni mbili. Ncha huziba, dawa yake ni pini. Pili, rangi hujitenga, maji juu na unga chini, hasa chupa ikiwa imekaa muda mrefu dukani au njiani. Itikise dakika nzima kabla ya kudondosha. Wengi hutia gololi ndani isaidie kuchanganya. Hakikisha ni ya chuma cha pua. Gololi za baiskeli hushika kutu ndani ya rangi ya maji, na nyeupe yako itageuka rangi ya chai.

Kuagiza nje hakuna shida kubwa, kwani ni rangi za maji zisizowaka moto na husafirishwa kwa ndege kama vifurushi vya kawaida.

2. Citadel kwenye vikopo

Ubora wa rangi za chapa hii ya Uingereza hauna ubishi. Tatizo ni kikopo: cha rangi za kawaida kina mililita 12 tu, na rangi ikigandia ukingoni mfuniko haushiki sawasawa. Kwa joto letu hilo ni hasara ya haraka. Futa ukingo kwa kitambaa chenye unyevu kila ukimaliza, na rangi ikianza kuwa nzito ongeza matone mawili ya maji safi. Hata mwenye chupa za matone anunue kikopo kimoja cha hapa, Agrax Earthshade, rangi ya kivuli ya kahawia inayofaa ngozi, mbao, mifupa na chuma kilichochakaa.

3. Akriliki za wachoraji kwenye tyubu

Zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ofisi na shule, Kariakoo na Posta. Kabla ya kulipa, soma mgongo wa tyubu. Yenye namba ya unga wa rangi, mfano PW6 kwa nyeupe au PB29 kwa bluu, inakuambia kilichomo. Isiyo na maelezo yoyote mara nyingi imejazwa chokaa, itabaki na chengachenga na kuhitaji tabaka tano.

Ni nzito, kwa hiyo ilainishe kwa maji, kiasi sawa na rangi yenyewe, usizidishe sana. Maji yakizidi, gundi ya akriliki inakosa nguvu: rangi inakimbia sehemu zilizoinuka, inaacha duara pembeni, na ikikauka inatoka kwa kucha. Tyubu ya nyeusi na ya kahawia zitakufaa kwa vitako, yaani vibao ambavyo vijisanamu husimamia, na mandhari ya mezani, ambako rangi nyingi hutumika.

4. Rangi ya mafuta ya kopo

Wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay hufanya maajabu nayo kwenye ubao. Kwenye kijisanamu inafukia uso, inang'aa kupita kiasi, na inachukua saa nyingi kukauka huku ikinasa vumbi. Hatari zaidi ni tina ya rangi za magari, inayoyeyusha polistaireni, plastiki ya vijisanamu vingi. Rangi ya kucha iko chini kabisa kwa sababu hiyohiyo.

Praima: hii inunue hapahapa

Bila praima, yaani tabaka la kwanza la kuishikisha rangi, akriliki hubanduka kwenye plastiki na chuma. Makopo ya kupuliza hayaruhusiwi kwenye vifurushi vya kawaida vya ndege, kwa hiyo yatafute kwenye maduka ya rangi za magari. Chagua ya kijivu isiyong'aa. Pulizia kwanza kipande cha fremu ya plastiki iliyobaki baada ya kukata vipande vya kijisanamu, na usubiri saa moja. Kikilainika au kunata, kopo hilo si la plastiki yako.

Puliza nje, umbali wa sentimita 20 hadi 30, kwa mipito mifupi. Ukisimama mbali mno, rangi hukaukia hewani na kutua ikiwa chenga. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, asubuhi na mapema au baada ya mvua, hutokea ukungu mweupe. Wakati wa masika nunua praima ya maji ya kupaka kwa brashi. Paka tabaka mbili nyembamba, kisha uiache usiku kucha bila kuigusa, maana praima za poliyurethani zikikwaruzwa kabla hazijakomaa hubanduka kama ganda la kitunguu.